TUZUNGUKE KILIMA CHA FOEL CYNWCH



Leo tutembee kwa miguu katika nchi ya Wales. Wales ni moja ya nchi nne zinazofanya dola ya Uingereza. Iko upande wa magharibi. Watu wake ni kama milioni 3. Wanajua Kiingereza, lakini wanayo pia lugha yao ya asili, Kiwelisi. Kondoo wao ni zaidi ya milioni 8. Maana yake, kwa kila mtu mmoja kuna kondoo karibu watatu.

Kaskazini ya mji mdogo wa Dolgellau kuna kilima kiitwacho Foel Cynwch. Njia ya miguu inakizunguka kilima hicho na kurudi pale ilipoanzia. Urefu wake ni kati ya kilomita 5 na 6. Mtu asiye na haraka hutumia saa mbili hivi. Chukua koti la mvua. Katika milima ya huko hunyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, tena mvua haingoji masika. Huweza kunyesha mwezi wowote.

ARDHI YA WENYEWE

Tunaanzia mahali paitwapo Saith Groesffordd. Maana yake kwa Kiwelisi ni njia panda saba. Tunapita chini ya miti, kisha tunatokea penye malisho.

Sehemu hii imo ndani ya hifadhi ya taifa ya Eryri, iliyoanzishwa mwaka 1951. Lakini usifikiri ni hifadhi kama Serengeti au Mikumi. Ndani ya Eryri wamo watu, vijiji, mashamba na mifugo. Sehemu kubwa ya ardhi ni mali ya watu. Njia yetu inapita katika ardhi ya Nannau, nayo ina wenyewe. Wapita njia wameruhusiwa kupita hapa tangu mwaka 1890. Hiyo ni ruhusa, na anayepewa ruhusa hana budi kuitunza. Anapita njiani tu, hatupi taka, na mbwa wake humfunga kamba.

Jambo la mbwa si dogo. Kondoo mwenye mimba akikimbizwa na mbwa huweza kuharibu mimba. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1971 inamkinga mfugaji akimpiga risasi mbwa anayewasumbua kondoo wake, ikiwa hakuna njia nyingine ya kumzuia.

Kwenye njia za Wales utakuta malango ya namna ya pekee. Lango limewekwa ndani ya uzio mdogo wenye umbo la nusu duara. Mtu huingia, husukuma lango lirudi nyuma yake, kisha hutoka upande wa pili. Kondoo hawezi kugeuka humo ndani. Basi hata msahaulifu akipita, kondoo hawatoki.

Tazama pia kuta. Zimejengwa kwa mawe matupu, bila saruji wala udongo. Jiwe hukalia jiwe, na kila moja humshika mwenzake. Ukuta wa namna hii ukitunzwa, hudumu miaka mia na zaidi.

KONDOO NA MITI

Sasa njia inageuka na kupita ubavuni mwa kilima. Ni nyembamba. Mkono wa kushoto kuna mwinuko wa mawe na kangaga. Mkono wa kulia kuna mteremko mkali, na chini kabisa unapita mto Mawddach. Simama kwanza ndipo utazame.

Kaskazini unaona msitu mkubwa. Huo ni Coed y Brenin, yaani Msitu wa Mfalme. Zamani ardhi hiyo nayo ilikuwa ya Nannau. Tume ya Misitu ya Uingereza ilianza kupanda miti hapo mwaka 1922. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza miti mingi ilikuwa imekatwa, na nchi ilikosa mbao. Miti mingi iliyopandwa ni jamii ya misonobari, inayokua upesi.

Lakini mti wa asili wa vilima hivi ni mwaloni. Watu waliukata ili kupata mashamba, nyumba, meli na makaa. Sasa utauliza: mwaloni ukikatwa huchipua tena, na mbegu zake huota. Mbona vilima vingi viko vitupu hata leo?

Jibu ni kinywa cha kondoo. Mche ukitoa majani mawili, kondoo huyala. Ukichipua tena, huyala tena. Ukiona msitu wa mialoni mikubwa usio na mti mdogo hata mmoja, usiusifu upesi. Msitu huo ni kama kijiji chenye wazee watupu. Wazee wakifa, kijiji kimekwisha.

Basi, je, kondoo waondolewe kabisa? Wataalamu wa huko hawasemi hivyo. Mifugo ikiondoka kabisa, michongoma na vichaka hufunika ardhi, na miche midogo hukosa jua. Wanashauri msitu uzungushiwe uzio mpaka miche ikue, kisha mifugo michache iingizwe kwa muda mfupi. Lililo muhimu ni kujua wangapi, lini na kwa muda gani.

Jambo hili limeleta ugomvi mkubwa. Serikali ya Wales ilipendekeza kwamba mkulima anayetaka kupata fedha za mpango mpya wa ruzuku awe na miti katika asilimia 10 ya shamba lake. Mwezi Februari mwaka 2024 maelfu ya wakulima waliandamana katika mji mkuu, Cardiff. Walisema watapoteza malisho, na watu watapoteza kazi. Mwezi Novemba mwaka huohuo serikali ililiondoa sharti la asilimia 10 kwa kila shamba. Sisi mabwana shamba tunalijua somo hili. Mti uliopandwa kwa amri bila mwenye shamba kukubali, hakuna atakayeulinda.

MLIMA WA IDRIS

Tukifika mwisho wa ubavu, tunaona kusini mlima Cader Idris, yaani Kiti cha Idris. Wenyeji husimulia kwamba Idris alikuwa jitu. Husema pia kwamba mtu akilala usiku mmoja mlimani huko, huamka akiwa kichaa au mshairi. Mlima una mita 893. Mbele ya Kilimanjaro ni mdogo, lakini ukungu wake hupoteza watu.

Zamani wafugaji wa hapa walikuwa na makazi mawili. Hendre ilikuwa nyumba ya bondeni, ya wakati wa baridi. Hafod ilikuwa nyumba ya mlimani. Walipanda na mifugo mwanzoni mwa Mei, wakashuka mwanzoni mwa Novemba. Hivyo nyasi za bondeni zilipata kupumzika.

ZIWANI

Njia inashuka mpaka ziwa la Llyn Cynwch. Tunalifuata ukingoni na kurudi tulikoanzia. Hapa tupo karibu na nyumba kubwa ya Nannau. Inasimuliwa kwamba Owain Glyndŵr, aliyeongoza uasi dhidi ya mfalme wa Uingereza kuanzia mwaka 1400, alikwenda kuwinda hapa na binamu yake, Hywel Sele. Hywel alijifanya anamlenga paa, kisha akamgeuzia Owain mshale. Owain alikuwa amevaa vazi la chuma ndani ya nguo zake. Akamuua Hywel, na maiti ikafichwa ndani ya mwaloni wenye uwazi. Mwaloni huo ulianguka mwaka 1813.

Fikiri, msomaji. Mti ulioficha siri hiyo ulisimama miaka mia nne baadaye. Aliyeacha mche wake ukue hakumjua mtu hata mmoja kati ya waliokaa kivulini mwake.

Tumekizunguka kilima chote. Kondoo wanakula, miti inakua, na mgeni anapita. Haya yanawezekana pale tu ambapo kila mmoja amepewa mahali pake, na kila apitaye amefunga lango.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini msitu usio na miche midogo uko hatarini?
2. Katika kijiji chenu, ni nani hukubaliana mahali pa malisho na mahali pa miti?
3. Mifugo ikila miche iliyopandwa, mnafanya nini?