Barua yenye muhuri: mama mkimbizi wa Bunia amtafutia mtoto wake nafasi shuleni

Bunia, jimbo la Ituri. Siku ya kwanza ya masomo, mwezi wa Septemba uliopita, mama mmoja mkimbizi alifika mapema kwenye shule moja ya msingi pembeni mwa mji. Alikuwa amemshika mkono kijana wake wa miaka 6. Mtoto alivaa shati jeupe na kaputula ya bluu. Kwa iniforme hiyo, mama alifua nguo za watu miezi miwili.

Kengele ya shule hiyo ni renge la gari lililotundikwa kwenye mti. Mlinzi alipoligonga kwa chuma, mtoto aliziba masikio, akajitupa chini, akalia mpaka sauti ikakauka. Watoto wengine wakamzunguka. Mwalimu akaja, akaangalia, akasema kwa upole: "Mama, umrudishe kwanza nyumbani. Akipona, utamleta."

Akipona. Neno hilo mama alikuwa amelisikia mara nyingi. Kanisani waliliambia. Majirani waliliambia. Sasa na shule pia. Alimfuta mtoto vumbi, akambeba mgongoni, akarudi naye kwenye bashi lao.

Huyu mama anatoka kijiji kimoja cha wilaya ya Djugu. Alikimbia na watoto watatu wakati mdogo alikuwa na miaka 3. Katika eneo la wakimbizi, watu wengi wanasema kwamba mtoto alipoteza maneno kwa sababu ya milio ya risasi. Mama mwenyewe anajua siyo hivyo. Kule kijijini, mbele ya vita kufika kwao, mtoto alikuwa tayari haitiki jina lake. Alikuwa na maneno mawili, "mama" na "maji," nayo yakapotea. Alikuwa anapanga mbegu za maharagi kwenye mkeka, moja nyuma ya nyingine, asubuhi nzima. Ukisogeza mbegu moja tu, analia.

Mama alitafuta msaada kila mahali. Alifunga siku saba. Alilala kwenye chumba cha maombi. Mtu mmoja alimwomba mbuzi ili amtoe mtoto pepo. Mbuzi hakuwa naye, akauza vitenge viwili. Mtoto hakubadilika, na mama akabaki bila kitenge cha kuvaa siku ya ibada.

Mtu wa kwanza aliyemwambia kitu cha kushika alikuwa muuguzi mmoja wa kituo cha afya. Muuguzi alianza na masikio. Alisimama nyuma ya mtoto, akagonga kopo, na mtoto akageuka. Kisha akamwuliza mama maswali mengi: anaangalia watu machoni? Anaonyesha kitu kwa kidole? Anarudia mchezo mmoja tu? Mwishoni akasema dalili hizo ni za usonji, ule ambao kwa Kifaransa wanaita otisme. Alieleza kwamba ubongo wa mtoto huyu umekua kwa namna yake tangu mwanzo. Hauletwi na uchawi, wala risasi, wala malezi mabaya ya mama. Na hauambukizi.

"Dawa yake ni gani?" mama akauliza.

"Mama, dawa ya kuuondoa hakuna. Kuna kumfundisha, polepole, na kuanza mapema."

Siku ile mama alilia. Lakini alipofukuzwa langoni mwa shule, ndipo alielewa vizuri maneno ya muuguzi. Kama dawa ya kuuondoa hakuna, basi kungoja "akipona" ni kungoja siku isiyokuja. Mtoto atakuwa na miaka 10, na atakuwa bado nje.

Alirudi shuleni mara mbili tena. Mara ya kwanza direkta alisema: "Tutaangalia." Mara ya pili alisema: "Mama, uwe na subira." Wiki nne zikapita.

Katika eneo lao la wakimbizi anaishi mzee mmoja aliyefundisha shule ya msingi miaka mingi mbele ya kukimbia. Watu wanamwita Papa Mwalimu. Jioni moja mama alienda kumweleza shida yake. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Binti yangu, umeomba mara ngapi?"

"Mara tatu, Papa."

"Karatasi iko wapi?"

"Karatasi hakuna. Tulizungumza tu."

"Basi bado hujaomba."

Mzee akamweleza. Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2006 kinasema elimu ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ya bure, na bure hiyo ilianza kutekelezwa mwaka 2019. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inampa kila mtoto haki ya kusoma. Na tarehe 3 Mei 2022 nchi ilipata sheria nyingine, namba 22/003, inayolinda haki za watu wanaoishi na ulemavu. Mzee aliongeza neno moja: sheria haitembei yenyewe kwenda shuleni, mzazi ndiye anaibeba.

Kisha akampa kazi. Achukue kaye, na kwa wiki mbili aandike kila siku mambo matatu: kitu kilichomtisha mtoto, kitu kilichomtuliza, na kitu alichofanya peke yake. Mama alisoma mpaka mwaka wa nne wa msingi tu. Kwa hiyo alisema, na binti yake mkubwa, mwanafunzi wa sekondari, akaandika.

Wiki mbili zilipoisha, kaye ilionyesha mambo ambayo mama aliyaona kila siku bila kuyahesabu. Mtoto alilia mara kumi na moja, na mara nane kati ya hizo ilikuwa kelele ya ghafla: pikipiki, mvua kubwa juu ya bashi, watu wakigombana kwenye bomba la maji. Alitulia kila mara alipokaa karibu na mlango, au alipopewa vifuniko vyake vya chupa. Na vifuniko hivyo alikuwa anavipanga kumi kumi, bila mtu kumfundisha.

Barua iliandikwa kwa Kifaransa, kwa sababu ndiyo lugha ya ofisi. Binti alipomaliza, mama alikataa kutia sahihi. "Unisomee kwanza kwa Kiswahili, neno kwa neno." Akasikia mahali binti aliandika kwamba mtoto ni mgonjwa. Akamwambia afute. Barua haikuomba huruma. Ilieleza mtoto yuko namna gani, kisha ikaomba mambo manne: akae karibu na mlango; aingie darasani dakika chache baada ya kengele; kwa mwanzo aje asubuhi tatu kwa wiki, mpaka saa ya mapumziko; na kaka yake wa mwaka wa nne aruhusiwe kuwa naye uwanjani. Walitengeneza kopi tatu. Kopi ya maneno ya muuguzi iliwekwa nyuma.

Direkta alipoona barua alishangaa. "Mama, sisi tunakujua. Barua ni ya nini?"

Mama akajibu: "Direkta, kule tulikotoka direkta alitujua pia. Shule yake ilichomwa, na yeye mpaka leo sijui aliko."

Direkta alinyamaza kidogo. Kisha akachukua muhuri, akapiga kwenye kopi ya mama, akaandika tarehe. Kopi nyingine mama aliipeleka mwenyewe, kwa miguu, kwenye ofisi ya elimu inayosimamia shule za eneo lile, ile watu wanaita sudivizyo. Kule pia alidai muhuri.

Siku kumi na mbili zilipita. Halafu direkta akamwita mama kwenye mkutano. Walikuwepo direkta, mwalimu wa mwaka wa kwanza, na mjumbe mmoja wa kamati ya wazazi. Mjumbe aliuliza kama ugonjwa huo hautaambukiza watoto wengine. Mama akamwonyesha karatasi ya muuguzi.

Mwalimu hakuficha kitu. "Mama, sitakudanganya. Niko peke yangu na watoto 74. Wako akikimbia, nitamfuata yeye, ama nitabaki na wale?"

Ni swali la kweli, na hakuna aliyelijibu haraka. Shule haina mwalimu msaidizi, wala pesa ya kumlipa mwingine. Mama ndiye alijitoa: mwezi wa kwanza atakaa mwenyewe chini ya mti, mbele ya mlango wa darasa, asubuhi zile tatu. Maana yake ni siku tatu kwa wiki bila kufua nguo za watu. Mwezi ule, nyumbani walikula mara moja kwa siku.

Mapatano yaliandikwa. Mambo manne ya mama, mchango wake chini ya mti, na mstari mmoja wa mwisho ambao Papa Mwalimu alisisitiza: kukitokea shida, pande zote zitakaa pamoja kwanza, na mtoto hatafukuzwa mbele ya kikao hicho. Wote wakatia sahihi.

Mstari huo ulipata kazi upesi. Mwezi wa Novemba mama alikuwa ameacha kukaa chini ya mti. Siku moja mvua ya mawe ikapiga mabati ya shule. Mtoto akatoka mbio, akafika mpaka barabarani, na pikipiki ikamkosa kidogo tu. Kaka yake ndiye alimkamata. Direkta alishikwa na hofu, akamwambia mama mtoto abaki nyumbani, "mpaka tuone."

Mama hakupiga kelele. Alirudi na karatasi yake ndani ya mfuko wa plastiki, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho. Kikao kikafanyika baada ya siku tatu. Wakapatana kwamba mvua ikianza, mlango unafungwa kwa komeo, na mtoto anapewa vifuniko vyake. Mlinzi akaombwa agonge renge pole. Mtoto akarudi.

Mpaka sasa mtoto hajasema neno. Kuna asubuhi anakataa kuvaa viatu, na siku hiyo inapotea. Lakini mwalimu ameanza kuchora kazi za siku ubaoni kwa picha ndogo: benchi, kaye, mpira, nyumba. Alianza kwa ajili ya mtoto mmoja, na sasa wengi wanaifuata. Mwezi wa Februari, darasa lilipokuwa linahesabu mpaka 20, mtoto alitoa vifuniko vyake, akavipanga kumi, na kumi tena, akaangalia ubao. Mwalimu aliwaita wengine waje kuona. Tangu siku ile watoto wanamletea vifuniko kutoka nyumbani.

Wazazi wenye mtoto kama huyu wako wengi kwenye maeneo ya wakimbizi, na wengine wanamficha nyuma ya hema wageni wakija. Safari ya mama huyu inaonyesha hatua ambazo mzazi mwingine anaweza kufuata. Mpeleke mtoto kituo cha afya, waanze kwa kupima masikio, na uombe waandike walichoona. Andika kwenye kaye vitu vinavyomtisha na vinavyomtuliza. Peleka barua shuleni, ikiomba mambo machache ambayo shule inaweza kweli kufanya bila pesa. Usitoke bila kopi yenye muhuri na tarehe. Ukinyimwa jibu, panda kwenye ofisi ya elimu na kopi hiyo mkononi. Kama hujui kuandika, mtafute anayejua, lakini akusomee mbele ya kutia sahihi. Na umsikilize mwalimu pia, maana naye ana mzigo wake.

Siku hizi, kwenye eneo lao, watu wanasema tena juu ya kuhama. Wengine wanasema watarudi vijijini, wengine wanasema watapelekwa mahali pengine. Mama huyu hajui. Chini ya kitanda chake kuna bidoni lililokatwa juu, na ndani yake mfuko wa plastiki uliofungwa kwa kamba. Mna jetoni ya wakimbizi, cheti cha kuzaliwa cha watoto wawili kati ya watatu, kaye ya wiki mbili, na barua yenye mihuri miwili. Binti yake amekwisha kuambiwa: kukiwa usiku na ni lazima kukimbia, kaka abebe maji, mama atambeba mtoto, na yeye achukue mfuko huo.