Mshindi Ndiye Aendaye Kwanza

Ndugu msomaji, mimi ni karani wa parokia. Kazi yangu ni kuandika: majina ya waliobatizwa, ya waliofunga ndoa, ya marehemu, na zaka za kila jumuiya. Nilisomea ualimu, na mkono wangu haujasahau chaki. Kwa hiyo niwie radhi ukiona nakufundisha. Leo nataka kukusimulia habari ya daftari moja ambalo si la parokia. Ni daftari langu mwenyewe, la kurasa arobaini na nane, na ndani yake nimeandika michezo yote ya timu moja ya mpira ya Marekani kwa mwaka 2024.

Utaniuliza, karani wa kijijini chini ya Mlima Kilimanjaro ana nini na mpira wa Marekani? Nami nilijiuliza hivyo hivyo. Ni mpwa wangu aliyenitia katika mambo hayo. Yeye anafanya kazi ya uuguzi huko, katika mji ulio kando ya mto Hudson. Karibu na mji wake, juu ya jabali linalotazama mto, kuna chuo cha kijeshi kiitwacho West Point, kilichoanzishwa mwaka 1802. Vijana husoma hapo miaka minne bila kulipa karo, na wakihitimu huwa maofisa, nao hulazimika kutumikia jeshi miaka mitano kwa uchache. Timu yao huitwa Army, yaani jeshi la nchi kavu. Mwisho wa Agosti mpwa wangu aliniandikia katika simu: "Mjomba, nitakuwa nakuletea habari za vijana hawa kila wiki, usije ukasema nimekusahau." Basi nikatwaa daftari, nikapiga mistari kama ile ya kitabu cha ubatizo: tarehe, mpinzani, mabao, maelezo.

Mpira wao si huu wetu. Una umbo la yai, nao hushikwa kwa mikono. Kila upande una watu kumi na mmoja. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusogea mbele yadi kumi, ambazo ni pungufu kidogo ya mita kumi. Wakizipata, hupewa nafasi nne nyingine. Wakishindwa, mpira ni wa wenzao. Wakiufikisha nyuma ya mstari wa mwisho, hupata pointi sita, na nafasi ya kuongeza.

Timu nyingi hupenda kuurusha mpira mbali hewani, nao watu hushangilia. Vijana wa Army hawana desturi hiyo. Wao huukumbatia mpira na kukimbia nao katikati ya miili ya watu, yadi tatu, yadi nne, wanaanguka, wanainuka, yadi tatu tena. Mpwa wangu aliniambia sababu. Wachezaji wakubwa na wenye mbio huchukuliwa na vyuo vikubwa, na tangu mwaka 2021 wanafunzi wa vyuo vya kiraia wanaruhusiwa kulipwa fedha nyingi kwa ajili ya majina yao. Chuo cha kijeshi hakiwezi kushindana na hayo. Humpata kijana ambaye mara nyingi hakuitwa na wakubwa, tena humwamsha alfajiri akapige gwaride.

Nakiri kwamba maneno hayo yalinigusa. Mimi nilimaliza chuo cha ualimu, nikaomba kazi mara nne, nami sikuitwa. Nikaipenda timu hiyo kabla sijaona hata picha yake.

Nao walianza vema. Waliwafunga Lehigh 42 kwa 7, kisha Florida Atlantic, Rice, Temple, Tulsa, wote. Mchezaji wao mkuu, anayepokea mpira kwanza na kuamua uende wapi, alikuwa Bryson Daily, kijana kutoka mji mdogo wa Abernathy huko Texas. Mwaka huo yeye peke yake aliuvusha mpira mstari wa mwisho kwa kukimbia mara 32. Walipocheza na wenzao wa chuo cha jeshi la anga, tarehe 2 Novemba, Daily hakuweza kucheza. Mwenzake akashika nafasi, nao wakashinda 20 kwa 3. Nikaandika katika maelezo: "Mmoja akiugua, kazi haisimami."

Wiki iliyofuata walicheza na North Texas. Hapo, ndugu msomaji, yalitokea mambo ambayo nilimsomea mke wangu mara mbili. Walianza karibu kabisa na mstari wao wenyewe, wakawa na yadi 94 za kwenda. Walizikata kwa mchezo wa mara 21, kidogo kidogo, na saa ikapita dakika 13 na sekunde 54 bila wapinzani kuugusa mpira. Robo nzima ya mchezo ni dakika 15 tu! Wakashinda 14 kwa 3. Mke wangu alisema, "Baba watoto, hao wanalima." Naam, walikuwa wanalima.

Kufikia hapo walikuwa wameshinda michezo tisa bila kufungwa. Ndipo wakakutana na Notre Dame, usiku wa kuamkia Sherehe ya Kristo Mfalme. Notre Dame ni chuo kikuu cha Kikatoliki, kilichoanzishwa mwaka 1842 na Padre Edward Sorin wa Shirika la Msalaba Mtakatifu, nacho kimepewa jina la Bibi Yetu. Haya, karani wa parokia amshangilie nani? Nilikaa jikoni tangu saa tisa usiku, simu mkononi, moyo wangu umegawanyika. Lakini haukugawanyika kwa muda mrefu. Army walipigwa 49 kwa 14. Misa ya kwanza ilinikuta nikisinzia, na Katekista akanitazama kwa jicho baya. Notre Dame hao walifika hadi fainali ya taifa Januari 2025, kwa hiyo haikuwa aibu. Army nao waliinuka. Tarehe 6 Desemba waliwafunga Tulane 35 kwa 14 wakatwaa ubingwa wa ligi yao, ubingwa wa kwanza wa ligi tangu chuo kilipoanza mpira mwaka 1890.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Kila Desemba Army hucheza na Navy, timu ya chuo cha jeshi la majini. Wamechezeana tangu mwaka 1890. Kijana aliyeanzisha mpira West Point, Dennis Michie, ndiye aliyepanga mchezo huo wa kwanza, nao walifungwa 24 kwa 0. Miaka minane baadaye Michie aliuawa vitani Cuba. Uwanja wa Army una jina lake mpaka leo. Mchezo wa mwaka 2024 ulikuwa wa 125, ukafanyika Landover katika jimbo la Maryland, tarehe 14 Desemba. Kwetu ilikuwa saa tano usiku. Army walikuwa mabingwa, wameshinda michezo kumi na mmoja. Nilidhani ni kazi rahisi. Navy waliwafunga 31 kwa 13.

Nilitaka kuzima simu nikalale. Mpwa wangu akaandika: "Mjomba, subiri. Bado wimbo."

Kumbe wana desturi. Mchezo ukiisha, timu zote mbili hukusanyika. Kwanza huenda pamoja mbele ya wanafunzi wa chuo kilichoshindwa, husimama wima, na wimbo wa chuo hicho huimbwa. Ndipo huenda pamoja upande wa washindi, ukaimbwa wimbo wao. Hivyo mshindi, na jasho lake na furaha yake, huanza kwa kwenda upande wa aliyemshinda, na kusimama naye katika uchungu wake. Mpwa wangu alinitumia picha ya video. Niliona vijana wa Navy wametulia kimya, na vijana wa Army pembeni yao, wengine machozi yanawatoka. Sababu ni nyepesi: baada ya miezi michache wale wa mwaka wa mwisho watakuwa maofisa chini ya bendera moja.

Ndugu msomaji, sikulala usiku ule.

Nina kaka yangu, mkubwa wangu kwa miaka sita. Baba yetu alipofariki tuligawana kihamba. Kaka akasema masale ya mpakani yamesogezwa, nami nikasema hayajasogezwa. Kati yetu ilikuwa mistari miwili ya migomba. Mwaka 2022 wazee wa ukoo walikaa, wakapima, wakaamua kwamba haki ni yangu. Nilishinda. Tangu siku ile sikukanyaga ua wake. Nilijisemea, mimi sina kosa. Mwenye kosa ndiye aje. Binti yake alipopata Kipaimara, mimi ndiye niliyeandika jina lake kitabuni kwa kalamu yangu, kwa mwandiko mzuri, na kwenye karamu sikwenda. Mama yetu, ambaye bado yu hai, huniuliza kila Jumapili: "Umemwona mwenzako?" Nami humjibu, "Nimemwona kanisani, Mama." Kumwona nilimwona.

Usiku ule nikaelewa kwamba nilikuwa nimeshika jambo kinyume. Nilikuwa nikingoja aliyeshindwa aje kwangu. Lakini aliyeshindwa ataanzaje? Miguu yake ni mizito. Mwenye miguu myepesi ni mshindi.

Jumatatu jioni nilikata jani la sale, nikalifunga fundo kama wazee wetu walivyotufundisha, kwa maana kwetu Uchagani jani hilo ndilo la mpaka na ndilo la kuombea msamaha. Nikapita katikati ya ile mistari miwili ya migomba. Binti yake aliniona kwanza, akaita, "Baba mdogo amekuja!" Kaka akatoka. Alilitazama jani kwa muda mrefu. Hakunikumbatia, wala mimi sikutazamia hilo. Alilipokea, akalichomeka juu ya mlango, akasema, "Kaa. Mbege ipo kidogo." Tukakaa. Tukazungumza habari za mvua na bei ya kahawa. Juu ya mpaka hatukusema neno.

Sitakudanganya kwamba yote yamekwisha. Bado kuna siku tunapopimana kwa macho. Lakini Krismasi ile Mama alikula nasi wote wawili katika meza moja, na Jumapili hizi haniulizi tena swali lake. Wahenga walisema, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Sisi tumenyonya ziwa moja. Maofisa wale wana bendera moja tu, nao wanaweza.

Timu yangu ilimaliza mwaka kwa kuwafunga Louisiana Tech 27 kwa 6, tarehe 28 Desemba. Michezo kumi na miwili walishinda, mingi kuliko mwaka wowote katika historia yao, na miwili walifungwa. Niliandika yote kwa wino wa bluu. Lakini mstari wa tarehe 14 Desemba nimeupigia mstari mwekundu chini yake, nao ni mmoja wa ile miwili waliyofungwa.

Wewe usomaye, kama kuna kesi uliyoshinda, fikiri habari ya miguu myepesi.