Barua kwa Mwalimu Mpya wa Kifaransa

Mwanangu mpendwa,

Habari za kupangiwa darasa la Kifaransa katika sekondari msingi zimetufikia, nasi tumefurahi.

Mwalimu anayeanza kazi hii huwa na pupa ya vitenzi. Ubao hujaa, wanafunzi hukariri kwa sauti moja, mtihani hupita. Kisha kijana aliyepata alama zote anashindwa kuuliza nauli.

Malalamiko hayo si ya leo. Mwanaisimu Mmarekani Dell Hymes alishikilia kwamba sarufi pekee haitoshi: msemaji ajue pia amwambie nani, nini, na wakati gani. Mwaka 2001 Baraza la Ulaya lilitoa mfumo wa viwango sita, A1 hadi C2, unaompima mwanafunzi kwa anayoweza kuyatenda kwa lugha. Toleo la 2020 likatilia mkazo zaidi upatanishi, yaani kumfikishia mtu ujumbe ambao lugha imemzuia kuupata.

Mtaala wa umilisi wa Kenya nao unataka mawasiliano na ushirikiano, utatuzi wa matatizo na ujuzi wa kidijitali. Somo la Kifaransa laweza kuyabeba yote kwa kipindi kimoja.

Mfano uko Mombasa. Shehena za mashariki mwa Kongo hupitia bandari hiyo, na nchi hiyo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Mfanyabiashara wa Goma huenda akazungumza Kiswahili vizuri, ila nyaraka za serikali yake ni za Kifaransa. Basi wanafunzi wanne wapewe barua yake ya kuulizia kontena lililochelewa. Mmoja aisome, wa pili atafute taarifa mtandaoni, wa tatu aandike jibu, wa nne amweleze "bosi" kwa Kiswahili kilichotokea. Kisha wabadilishane zamu.

Simu zisifichwe. Programu ya kutafsiri itoe jibu lake, na kikundi kilikague: je, tarehe ni sahihi? Mteja ameambiwa kwa heshima?

Alama nazo zisiishie kwenye tahajia. Anayeomba aelezwe tena alichokosa kuelewa, au anayemsahihisha mwenzake bila kumdhihaki, apate zake. Walimu wakongwe wa shuleni huenda wakalalamikia kelele. Waalikwe wakae nyuma ya darasa, wasikilize wanafunzi wanavyojibu.

Shangazi yako