Juma wa siku saba

Kimya kilikuwa cha mitihani, si mnajua tena. Leo nina kesi ya jina.

Hapa Kipalapala nimepanga chumba na jamaa wawili, na wananiita kwa zamu. Jumamosi nikifumbua macho tu: "Juma Mosi, nani anachemsha chai?" Kesho yake mimi ni Juma Pili, halafu Juma Tatu, mpaka Jumatano. Alhamisi wananipumzisha, eti hiyo ni zamu ya Hamisi. Bumu likichelewa ndiyo kabisa: "Juma gani hili lisiloisha?" Maana juma ni wiki pia, na wiki ya njaa ni ndefu bwana.

Utani huo una hesabu yake. Siku zetu zinaanza kuhesabiwa baada ya Ijumaa, ndiyo maana Jumamosi ni ya kwanza na Jumatano ni ya tano. Sasa Alhamisi, kwa Kiarabu, nayo ni ya tano! Wiki yetu ina tano mbili na sita haipo. Nilimweleza mwenzangu anayesoma hisabati, mpaka leo hajapona.

Ila darasani ndiko ninakochoka. Kipindi cha sarufi ubao wote wangu. Juma anacheza mpira. Juma alimpiga Asha. Asha alipigwa na Juma. Darasani tunaye Asha wa kweli, safu ya pili, kila kipindi kikiisha ananidai soda ya fidia. Tangu shule ya msingi ni hivyo hivyo, Juma ana maembe 10, amempa mwenzake 4. Yaani ukitaka mtu yeyote tu, asiye na sura wala kwao, unamweka Juma.

Na kwetu huku Unyanyembe utani wa majina haukuanza na hawa jamaa zangu. Karne ya 19, Tabora ilipokuwa kituo kikubwa cha misafara kati ya pwani na Ujiji, kulikuwa na mfanyabiashara wa pembe za ndovu akiitwa Juma Merikani. Merikani ni ile nguo ya pamba kutoka Marekani iliyotumika njiani kama hela. Jina lake hasa lilikuwa Juma bin Salum. Mwingereza Cameron, aliyepita Tabora mwaka 1873, alimkuta mwaka 1874 mbali kabisa, Urua, Kongo ya leo, na kwenye kitabu chake ni Merikani huyo huyo. Mtaje Hamed bin Muhammed mbele ya watu, watakuuliza ndiye nani. Sema Tippu Tip uone.

Nayawaza haya kwa sababu dada yangu amejifungua wiki iliyopita, kidume. Babu yetu aliyefariki mwaka jana alikuwa Juma, nami nilipewa jina lake. Mama anataka na mtoto awe Juma. Shemeji hataki kusikia: "Mwanangu hawi mfano wa ubaoni." Yeye anataka Rayan.

Dada akanipigia usiku. "Mdogo wangu, wewe ndiye unayelibeba. Sema kweli, linauma?"

Nikamwambia linachosha, ila haliumi. Halafu nikamkumbusha Babu. Sokoni alikuwa Juma Asali, kwa sababu ya madebe yake ya asali, na wengine walishalitupa hilo Juma, wakabaki na Mzee Asali. Bibi peke yake ndiye aliyemwita Juma tupu, na kwa alivyolitamka ulijua kama chakula kipo mezani au kuna kesi. Tangu msiba Bibi hajalitamka. Mimi mwenyewe siku hizi ananiita "wewe kijana".

Dada akanyamaza, nikadhani salio limeisha. Kumbe analia.

Mimi kura yangu nimempa Juma. Huyo Rayan naye atapata watani tu, ni suala la kuanza shule. Shemeji bado kakaza, na mjomba ameongeza moto, anataka Mabula kwa sababu siku hiyo mvua ilinyesha. Kwa hiyo mpaka sasa mtoto anaitwa Mtoto, na kadi ya kliniki ina pengo.

Niwahi kipindi. Ni sarufi, na Asha ameshanitumia meseji kwamba leo nisimguse.