Ukakasi wa Divai

Kutoka katikati ya jiji la Nairobi hadi Westlands na Lavington, divai aghalabu huonjwa na kusifiwa kwa Kiingereza. Jioni moja huko Westlands tulimiminiwa nyeupe, kisha nyekundu. Nyeupe ilikuwa chachu kidogo, yenye harufu ya ndimu. Nyekundu ilinikausha ulimi na kunikaza fizi mithili ya ndizi mbichi. “Ina ukakasi,” nikasema. Mwenzangu akacheka akidhani natania. Ajabu iliyoje! Ukakasi huo huletwa na tanini ya maganda na mbegu za zabibu. Nyeupe huwa nayo haba kwa kuwa maganda huondolewa mapema. Mla mabibo wa Pwani aujua fika. Lakini ile ladha isaliayo kinywani baada ya kumeza, wasomaji wapenzi, tuiteje?