Pete ya Mpira katika Njia ya Misafara

Mtu akitajiwa Tabora, aghalabu hukumbuka maembe, wapagazi wa Kinyamwezi na nyumba ya Kwihara ambamo Livingstone alikaa mwaka 1872. Mimi hukumbuka sili ya gia boksi. Msomaji asidhani kuwa nafanya mzaha. Njia iliyotoka Bagamoyo ikapita Unyanyembe hata Ujiji ilikuwa njia ya vitu vinavyosuguana: mzigo na bega, unyayo na mchanga. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 iliwapokonya wapagazi kazi yao, lakini msuguano haikuuondoa.

Sili ni pete ya mpira yenye mdomo mwembamba, uliokazwa kwa springi nyembamba. Hukaa nyuma ya gia boksi, pale inapoingia propela shafti, ikazuia oili isitoke na vumbi lisiingie. Ajabu yake ni kwamba haliki mpira peke yake. Vumbi la kiangazi likichanganyika na oili huwa tupa. Mdomo ule laini hulishika, na polepole chuma huchimbika mfereji. Kwa hiyo sili mpya ikivalishwa juu ya chuma chenye mfereji huvuja upesi kama ile kuukuu.

Siku moja nilipanda gari la abiria kutoka Urambo kwenda Tabora. Mbele yangu alilazwa mama mjamzito aliyekuwa akipelekwa hospitali. Kila dereva alipobadili gia tulisikia mgoto wa chuma chini ya miguu yetu. Alisimamisha gari, akaingia uvunguni, akaona oili ikidondoka.

"Mzee, sili ni mpya, tumeitia juzi," alisema utingo.

"Mwanangu, sili haiponyi shafti inayocheza," alijibu, akaitikisa kwa mkono hata sote tukaona krosi zilivyolegea.

Abiria walitaka aende mbio kwa ajili ya mgonjwa. Alikataa. Aliongeza oili aliyokuwa nayo kibuyuni, akaenda mwendo wa pole, akasimama mara mbili kutazama. Wengine walimlaani, nadhani alikuwa na haki, kwani shafti ikikatika porini hakuna wa kumfikisha mtu hospitali. Tulifika jua likizama, na mama yule aliteremshwa akiwa hai.

Kesho yake nilikwenda gereji kutazama. Mwenye gari alitaka atiwe sili nyingine tu, maana bei yake ni ndogo. Fundi alimwonyesha bushi iliyolika, na tundu la kupumulia la gia boksi lililozibwa na tope, ambalo huifanya oili yenye joto itafute njia kwenye sili. Mabishano yalikuwa marefu. Hatimaye fundi alitia alama ya chaki kwenye shafti na kiungo chake, ili irudishwe ilivyokuwa isije ikatetemeka, akaifungua. Alibadili krosi na bushi, akazibua tundu, akavalisha sili, akajaza oili hata ikafika ukingo wa tundu la kujazia.