Maji ya Pipa Letu

Sisi wakubwa wa shule, wa kilasi ya mwisho, tunataka kuwaeleza neno moja lililotupata hapa Salamabila, maana mengi yamekwisha kusemwa jikoni na si yote ni kweli.

Mwezi uliopita mdogo mmoja wa bwenini aliharisha siku tatu. Akasema ni maji ya pipa. Sisi tukamwita mvivu, eti anakimbia kazi ya kuchota, na tukamwandika kwenye orodha ya malipizi. Pipa lile ni kazi yetu sisi wakubwa, ndiyo sababu tulikasirika hivi.

Profesa wa biolojia hakugombana na mtu. Alisema: basi tupande. Mikrobi zinapandwa kama mihogo, ila shamba lao ni supu iliyogandishwa. Katika laboratwari kubwa, kwa litri moja ya maji wanatia peptoni gramu 5, dondoo ya nyama gramu 3, chumvi gramu 5 na agari gramu 15, kisha wanapika katika sufuria ya mvuke, digrii 121, dakika 15, kusudi kisibaki kitu chenye uzima.

Siye agari hatuna. Tulipika mchuzi wa nyama, tukachuja, tukatia jelatini, tukachemsha vyupa juu ya mbabula. Asubui ilikuwa imegandika vizuri. Saa sita, yote maji!

Kumbe hata kule Ujerumani waliteswa na jambo hilo. Mwaka 1881 Walther Hesse, aliyefanya kazi kwa Robert Koch, alisumbuka sana na jelatini kuyeyuka wakati wa joto. Bibi yake, Fanny Hesse, ndiye alimwambia ajaribu agari, kitu alichotumia jikoni kugandisha vyakula. Agari inatoka kwa mwani wa bahari. Inayeyuka karibu na digrii 85, na ikishuka chini ya 40 inaganda, basi inavumilia joto la mwili wa mtu. Jina la Petri tunalijua wote kwa ajili ya sahani yake ya 1887. La huyu mama hatukulisikia hata siku moja.

Mara ya pili tuliweka vyupa ndani ya mtungi, tukauzungushia kitambaa chenye maji, kivulini. Siku ya tatu, chupa ya maji yaliyochemshwa: safi. Chupa ya maji ya pipa: madoa meupe na ya manjano, mengine yameungana kabisa. Profesa alikataza kufungua. Tulichemsha vyote na kutupa.

Alituzuia pia kupiga makelele. Madoa yale hayasemi ni mikrobi gani, na nyingi hazina ubaya. Kwa kutafuta kolera wanatumia agari ya namna ingine. Ni kweli. Lakini hatukuweza tena kusema pipa letu ni safi.

Siku ya posho tulisugua pipa, tukafuta jina la mdogo wetu, tukaenda kumuomba samahani mbele ya wenzake. Alituangalia kidogo, kisha akauliza kama kikombe cha kuchotea nacho tumekiosha.

Hatukuwa tumekiosha.